Tope Kinywani mwa Natalia

Fausta alimkuta binti yake Natalia nyuma ya zizi, anatafuna tope.

"Una mimba?"

"Mama! Ni kazi." Natalia akatema. "Ukilisaga kwa meno ukasikia chembe, ni tope la aina moja. Likiteleza, ni jingine. Ndivyo tulivyofundishwa."

Alikuwa amerudi Katesh kwa mapumziko mafupi kutoka Mtwara, ambako kampuni ya gesi ilikuwa inamfundisha mashapo, yaani tope na mchanga uliotulia chini ya bahari. Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumatatu. Akifaulu, ana ajira. Alikuja na bomba la tope la chini ya bahari la kufanyia mazoezi. Tangu mlima umwage matope mtaani kwao Jorodom yakapita jikoni kwake, Fausta hakuwa na hamu na tope lolote. Lakini alimwacha atafune. Mtoto asome.

Kesho yake nyumba ilinuka samaki, na hakuna aliyepika samaki. Ng'ombe wakakataa ndoo aliyoshika Natalia. Halafu mchana, Natalia akiwa mezani, midomo imefumbwa, sauti nzito ya kiume ikatoka tumboni mwake, polepole kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, ikisema kwamba kule chini kulikuwa na giza na utulivu, kwamba hakuomba kutolewa, na kwamba sasa amepata ulimi na hatauachia, na wakati wote huo Natalia alikuwa anamtazama mama yake, machozi yanamtiririka, midomo haifunguki.

Mganga Sulle alikuja kwa bodaboda. Akanusa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akashusha sauti. "Huyu jini si wa kwetu. Wa chemchemi za huku nawajua, wanapokea kondoo wanaondoka. Huyu wa bahari hata kondoo hamjui."

"Sasa?"

"Aliingia kwa mdomo, atatoka kwa mdomo. Ila atataka mdomo mwingine wa kuingia. Asipoupata, binti hataongea tena. Ataongea yeye."

"Asipopanda basi la kesho, mtihani umempita."

"Mama Natalia, fikiri kwanza."

"Nimeshafikiri, mzee. Fanya."

Sulle akampaka Natalia mafuta ya kondoo kooni, akamkandamiza mgongo. Natalia akakohoa, akakohoa tena, hadi donge jeusi lenye baridi likaangukia kiganjani mwa mama yake. Fausta akalimeza kama anavyomeza dawa ya malaria, bila maji.

"Akikuuliza kitu," Sulle akanong'ona, "usijibu. Ukijibu, umemfungulia nyumba."

Alfajiri Natalia alipanda basi, akiongea kwa sauti yake mwenyewe bila kupumzika, hadi kondakta akamwambia, "Dada, tuachie na sisi nafasi."

Fausta akarudi nyumbani, akaketi kuchambua maharage. Amechoka. Chumba cha pili wadogo zake Natalia walikuwa wanavaa sare, wanagombania soksi. Ndipo jini akaamka tumboni mwake, akamwuliza kwa upole, kwa Kiiraqw kizuri kabisa, lugha ya nyumbani, wale watoto wanaitwa nani.

Fausta akaendelea kuchambua maharage.