Bitana ya Rangi Mbili

Fundi alikutwa amelala chini ya meza ya kukatia vitambaa, mkono mmoja bado umeshika simu.

Daktari wa polisi aliinuka akivua glavu. "Hakuna jeraha wala dalili ya kushikwa kwa nguvu. Ni sumu, na nadhani aliinywa mwenyewe. Maabara itathibitisha."

"Basi hapa hatuna muuaji," alisema koplo.

Inspekta alikuwa anaisoma simu ya marehemu. Picha ya mwisho aliyoiweka mtandaoni ilikuwa ya gauni la harusi, iliyopigwa kwa mbele. Chini yake matusi yalifurika. La kwanza liliandikwa na mtu aliyejiita Bila Sukari: "Fundi gani anaunga bitana kwa vipande vya rangi mbili? Bibi harusi, kimbia." Wengine wakadandia hapo. Walianza na gauni, wakahamia kwenye sura yake, wakamalizia kwa kumwambia afe.

"Huyo Bila Sukari atakuwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara," koplo alisema. "Tangu huyu mama apate wateja, yule anashona viraka tu."

"Gauni liko wapi?"

Lilitundikwa pembeni, likimsubiri mwenyewe. Kwa nje halikuwa na kasoro. Inspekta aliligeuza. Kiunoni, bitana nyeupe ya ndani ilikuwa imeungwa na nyingine yenye unjano kidogo.

"Picha haionyeshi ndani," alisema. "Bila Sukari aliiona wapi?"

Koplo alikuna kisogo. "Nani anageuza nguo za watu ndani nje?"

"Anayezipiga pasi."

Aliyepiga pasi nguo zote za duka lile alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Ndiye pia aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Aliketi kituoni macho yamevimba.

"Nilimtetea, afande. Angalia mwenyewe. Kila tusi nimelijibu, tena kwa jina langu."

"Nimeona. Bila Sukari ulimjibu kabla hata watu hawajamsoma."

"Alikuwa ananiudhi."

"Simu yako ya pili iko wapi?"

"Ya pili ipi?"

"Dada, tusichoshane. Nani mwingine aliiona ile bitana?"

Mabega yakamshuka.

"Mimi tu."

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Zamani alikuwa hakati kitambaa bila kuniita: Dada, hebu njoo uone. Watu wa mtandaoni walipoanza kumsifu, akaacha kuniita. Siku moja mtu mmoja akamtukana. Akaja chumbani kwangu, akalala ananililia kama alivyokuwa mdogo. Nikasema, kumbe."

"Kumbe nini?"

"Kumbe akiumizwa anarudi."

Inspekta alikwisha kuwahoji walioua kwa wivu na walioua kwa tamaa. Mtu wa kumjeruhi ampendaye ili apate nafasi ya kumfunga bandeji alikuwa mgeni mezani kwake.

"Na ulipoona wanamwambia afe?"

"Niliingia kwa jina lilelile la Bila Sukari. Nikaandika, jamani basi, mwacheni, nilikosea, gauni ni zuri. Wakanigeukia na mimi. Wakasema nimehongwa. Wakazidi kumshambulia."

"Mbona hukumwambia kwamba ni wewe?"

"Angeondoka." Alifuta pua kwa kiganja. "Angeniacha na nani?"

Koplo aliinamisha kichwa.

"Wanajua kwamba amefariki?" aliuliza dada mtu.

"Tumetangaza leo asubuhi."

"Basi wamenyamaza."

Inspekta angeweza kusema ndiyo. Hakuwa na mazoea hayo.

"Hapana."

"Wanasemaje?"

"Wanasema hajafa, anatafuta kiki tu."

Mwanamke yule aliitazama simu ya marehemu iliyokuwa mezani, kioo chake kikiwaka kila tusi jipya lilipoingia. Pole pole akanyoosha mkono.

"Nipe mara moja tu, afande. Nimtetee."