Bima ya Nyumba Iliyovuka Maji

Jikoni kwa baba yangu watu hawakubisha hodi. Mtu alisukuma mlango, akaingia, akaketi. Ukibisha, baba alisema, "Huyo ni mtu wa serikali," na hapo ndipo aliinuka kutafuta shati.

Jumamosi mama alioka mikate. Alipofariki niliioka mimi, na baba hakuacha kunikumbusha kwamba ya mama ilikuwa laini zaidi. Kwa baridi ya kwetu, jiko la kuni liliwaka tangu Septemba mpaka Juni. Kando yake palikuwa na kitanda kidogo. Baada ya nyama ya chumvi na kabichi, baba alijinyoosha hapo akasikiliza bei ya samaki redioni. Alisikiliza hata baada ya serikali kuufunga uvuvi wetu wote.

"Hakuna samaki tena, baba," nilimwambia.

"Najua, Verna. Nasikiliza wasije wakabadili mawazo bila kuniambia."

Baba aliitwa Hayward Upshall. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, yeye na kaka zake, kisiwani Brennock, mwaka aliooa. Nilizaliwa humo. Nilipokuwa na miaka tisa, serikali ilituambia tuhame kisiwani. Hakuna mwalimu wala daktari atakayeletwa tena, walisema. Twende ng'ambo, Collins Arm, penye barabara. Wengi waliziacha nyumba zao. Baba alikataa. "Nikihama mimi, na nyumba inahama," alisema.

Basi wanaume wakaisukuma nyumba juu ya magogo mpaka ufukweni. Wakaifungia mapipa matupu pande zote, wakangoja maji yajae. Mashua zikaivuta kutwa nzima. Mama hakutoa hata vikombe kabatini. Mimi nilikaa kwenye mashua ya nyuma, nikaangalia dirisha la chumba changu likienda baharini. Mpaka leo nikifumba macho naliona.

Kila mgeni alisimuliwa habari hiyo, atake asitake. Baba alimalizia kwa kupiga ukuta kofi. "Nyumba hii imevuka maji," alisema. "Itaogopa nini?"

Kisha, Februari moja, nyumba ya Alonzo Hynes ikaungua.

Alonzo alikuwa jirani yetu na rafiki wa baba tangu Brennock. Dohani yake ilishika moto, moto ukapanda paani. Hakufa mtu. Tulimpelekea supu na mablanketi, tukasema, afadhali ana bima. Tukangoja mafundi waje. Mafundi hawakuja. Kampuni ilimlipa, lakini fedha zile zilitosha kuta tu, paa hakuna. Agosti binti yake alikuja kutoka Ontario, mbali bara, kumchukua.

Baba alimsindikiza mpaka barabarani. Hawakukumbatiana, maana wanaume wale hawakujua namna ya kukumbatiana. Alonzo alisema, "Basi, Hayward." Baba akajibu, "Basi, Lonz." Gari likaondoka. Baba alirudi akalala kwenye kitanda chake, akageukia ukuta. Siku hiyo hakugusa chakula.

Hapo niliingiwa na hofu. Kaka yangu Clar alikuwa Alberta, mbali magharibi, na kila Krismasi alimbembeleza baba aende kukaa naye. Nilimjua baba yangu. Nyumba ile ikiungua, ataishia kwenye chumba cha mtu katika mji asioujua, na mwaka hataumaliza. Nilimwuliza siku iliyofuata.

"Baba, bima yako ni ya kiasi gani?"

"Inatosha."

"Kiasi gani?"

"Elfu ishirini na tano."

"Dola elfu ishirini na tano? Nani alikupa hesabu hiyo?"

"Akili yangu. Nani atanunua nyumba huku? Vijana wote wamekimbia. Ukiuza kwa elfu ishirini na tano, umshukuru Mungu. Tena kuijenga hakukunigharimu senti. Miti tulikata msituni."

Niliona nikiendelea tutabishana mpaka Pasaka. Nikaenda kumwita Doreen Penney.

Doreen alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya bima mjini. Baba yake, marehemu Eli, ndiye mwenye mashua iliyotangulia kuivuta nyumba yetu. Ulimi wa Doreen haukuwa na mfupa, na baba alimpenda kwa hilo, ingawa hakusema. Aliingia, akajimiminia chai, akaketi kwenye kochi.

"Mjomba Hayward, nasikia unauza nyumba."

"Nani amesema nauza?"

"Umeikatia bima ya bei ya kuuza. Nikadhani una mteja."

Baba alinitazama kwa jicho baya. Nikajitia kukata mkate.

"Sikiliza, Mjomba," Doreen alisema. "Bei ya kuuza ni kitu kimoja. Gharama ya kujenga upya ni kitu kingine. Nyumba ya huku ni rahisi kwa sababu wanunuzi hawapo. Lakini msumari haushuki bei eti kwa sababu vijana wamehama. Mbao, nyaya, mabomba, mshahara wa seremala, vyote ni bei ya mjini, tena ongeza usafiri. Hapo ndipo Alonzo alipokwama. Alikatia bei ya soko, akalipwa bei ya soko. Kampuni haikumwibia."

"Mimi sihitaji seremala. Seremala ni mimi."

"Una miaka sabini na tatu, na goti lako linalia kuliko mlango wangu."

"Nitasaidiwa. Hii nyumba niliisukuma peke yangu?"

Doreen aliweka kikombe chini. "Haya, nitajie. Nani waliisukuma?"

Hilo ndilo swali ambalo baba alilipenda kuliko yote. Aliketi wima. "Kaka yangu Gideon alikuwa kona ile. Esau kona ya nyuma. Pius Barry aliimba, maana bila wimbo nyumba haisogei. Kulikuwa na Ches na wanawe wote. Na baba yako, Eli, na mashua yake."

"Gideon yuko wapi leo?"

"Si unajua. Makaburini."

"Esau?"

"Naye yuko huko."

"Pius?"

"Alifia hospitali, St. John's."

"Wana wa Ches?"

"Alberta. Wanachimba mafuta."

"Na baba yangu?"

Baba aliangalia viganja vyake. Jeneza la Eli alilibeba yeye.

"Zamani watu ndio walikuwa bima," Doreen alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nyumba ya mtu ikiungua Jumatatu, Jumamosi ana kuta. Usiseme haikukugharimu, Mjomba. Ulilipa kwa mgongo wako, ukawajengea na wao. Sasa watu hao hawapo. Kazi waliyoifanya bure, leo lazima ilipwe. Kata bima inayoweza kulipa mikono yote uliyoitaja."

Baba alizitazama kona za jikoni, moja baada ya nyingine. Nami niliinuka kutia kuni ambazo hazikuhitajika, ili asinione nikilia.

"Kwa hiyo ni kiasi gani?" baba aliuliza baadaye.

"Fundi aje apime. Kwa ukubwa huu, haitapungua elfu tisini."

"Elfu tisini? Nyumba ya miti ya msituni?"

"Ndiyo. Na ada ya kila mwaka itapanda, sikufichi. Lakini kuna njia ya kuipunguza. Kila bima ina sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Ukikubali kubeba kubwa kidogo, ada inashuka. Kioo kikivunjika, nunua mwenyewe. Bima si ya kioo. Bima ni ya lile janga ambalo huwezi kusimama nalo peke yako."

"Na vitu vya ndani?" niliuliza.

"Kuna aina mbili. Moja inalipa thamani ya kitu kilivyochakaa. Kwa kochi hili utalipwa bei ya mtumba."

"Kochi hili ni zima kabisa," alisema baba.

"Mjomba, kochi hili nimelikuta duniani. Aina ya pili inalipa bei ya kununua jipya. Ada yake imezidi kidogo, lakini chukua hiyo. Bima ya vito vya dhahabu usichukue, labda kama umevificha mahali."

"Nina jino moja."

"Basi lipige mswaki, inatosha." Doreen alijiongezea chai. "Na jiko hili la kuni, kampuni inalijua?"

Baba aliinama kuvuta soksi yake.

"Mjomba. Walipokuuliza nyumba unaipashaje joto, uliwaambia nini?"

"Tanuri la mafuta. Si lipo huko chini?"

"Lipo, na halijawashwa tangu mama yake Verna afariki."

"Jiko likiandikwa, ada inapanda."

"Na likifichwa, siku ya msiba wanaweza kukataa kulipa hata senti, na haki itakuwa yao. Utakuwa umelipa ada miaka yote bure. Waambie kila wanachouliza, jiko na nyaya za zamani. Heri wakunyime punguzo leo kuliko kukunyima nyumba kesho."

Baba alinung'unika siku nne. Siku ya tano alivaa koti la kanisani akaniambia nimpeleke mjini.

Fundi alikuja akapima. Mkaguzi wa bima naye alikuja, kijana mwenye tochi. Alitaka jiko lisogezwe mbali na ukuta, chini yake liwekwe bati, na dohani isafishwe kila mwaka. Baba alimwita "yule mtoto", lakini alifanya yote. Mimi nilipiga picha kila chumba na kila kabati, nikaziweka nyumbani kwangu, maana picha zikikaa ndani ya nyumba zinaungua nayo. Ada ilipanda kweli. Baba akapunguza tiketi za bingo, bahati nasibu ya Ijumaa jioni, akamlaumu Doreen kila Ijumaa. Na kila mwaka, kabla ya kulipa, tuliangalia tena kama kiwango bado kinatosha, kwa kuwa bei ya mbao haikai mahali pamoja.

Mwaka wa tatu, Novemba, mchana, waya wa zamani uliwaka juu ya dari. Baba alikuwa msituni akitazama mitego yake ya sungura. Wazima moto wetu wa kujitolea walikuja mbio, wakaokoa banda la kuni tu. Baba alitokea njiani na sungura wawili mkononi. Alisimama akatazama mpaka paa lilipoanguka. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi.

"Si jiko," alisema. "Waulize. Jiko halikufanya hivi."

"Si jiko, baba."

Niseme wazi. Hakuna bima ya nyumba iliyovuka maji. Ukuta ambao mama alitupimia urefu wetu kwa kisu hauna malipo, na kampuni haikusema unayo. Niliulilia ukuta ule wiki nzima, na baba aliulilia kwa namna yake.

Clar alipiga simu nyumbani kwangu. "Baba, nakutumia tiketi ya ndege."

"Ya kwenda wapi?" baba aliuliza.

"Kuja huku. Utakaa wapi wewe?"

"Ngoja kwanza Doreen anywe chai yake, asome mkataba."

Bima ililipa. Mkaguzi wa hasara alitaka kujua kila kilichokuwamo, nikampa picha. Bima ilimpangishia baba nyumba ndogo karibu na kanisa wakati wa kujenga, kwani hata hilo lilikuwamo katika mkataba, na sisi hatukulijua mpaka Doreen alipotuonyesha. Majira ya kuchipua mafundi walianza. Walikuwa vijana wageni, wote wa kulipwa. Baba alikwenda kila asubuhi kuwaambia wanakosea. Walimvumilia vizuri.

Septemba alihamia, kiwanja kilekile, jikoni upande uleule wa maji. Alilalamika kwamba milango haipigi kelele, kwa hiyo hajui nani ameingia. Alilalamika kwamba nyumba inanuka rangi. Jioni ya kwanza nilimkuta amesimama katikati ya jikoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kutembea. Nikamwambia aketi. Akaketi.

Jumapili simu ililia. Alikuwa Alonzo, kutoka Ontario. Wazee wale walipigiana kelele kwenye simu, kwa hiyo niliyasikia yote nikiwa kwenye sinki.

"Hayward, uko wapi?"

"Niko nyumbani. Umepiga mwenyewe, hujui umepiga wapi?"

"Najua. Nilitaka nikusikie ukisema."

Baba akahamishia simu sikio la pili.

"Upepo unatoka wapi huko leo?" Alonzo aliuliza.

"Kwani kwenu hauvumi?"

"Unavuma. Ila huku ghorofani madirisha hayafunguki. Siujui unatoka wapi."

Baba aliweka simu mezani. Alifungua mlango, akatoka na soksi tu mpaka kwenye nyasi, akasimama uso juu. Hakuharakisha. Kisha akarudi, akashika simu kwa mikono miwili.

"Kusini-magharibi, Lonz," alimwambia. "Kesho kutakuwa na ukungu."