Sauti Mbili za Maite

Foleni ya kuni na barafu ilikuwa imetoka nje ya duka la hifadhi, maana ilikuwa Julai, na Julai nusu ya Idaho huhamia milimani. Maite Urrutia alikuwa amevaa kaptura na kofia ya majani, na kikaango kipya cha chuma mkononi. Alipogeuka ghafla, kikaango kikampiga kiwikoni mtu wa nyuma yake.

"Aisee, dada! Hicho ni cha kupikia au cha kuulia?"

"Cha kufukuzia dubu. Na wanaume wanaosimama karibu mno."

Aliyegongwa alikuwa Garrett Sorley, fundi wa mapaa kutoka Boise, mrefu, ndani ya shati jekundu la drafti. Alicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Jioni ileile kindi alivamia mkate wa Maite, naye akagonga kikaango kwa kijiko mpaka kambi yote ikatoka mahemani. Garrett alifika wa kwanza, anahema.

"Mama wee! Hata ningekuwa ng'ambo ya ziwa ningekusikia."

Mapenzi yao yalianzia hapo, na mimi sijui mwanzo mzuri zaidi ya kelele.

Septemba ya mwaka uliofuata walirudi kwenye hifadhi ileile, kando ya Ziwa Marlow, wakapiga hema mahali palepale, namba kumi na nne. Kambi ilikuwa karibu tupu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji tangu asubuhi, na wenyeji wa pale, ambao kwa kawaida wanaongea kupita kiasi, walivuta mitumbwi yao nchi kavu bila kusema kwa nini.

Simu hushika mtandao mahali pamoja tu, kwenye ncha ya gati. Maite aliteremka kuchota maji akamkuta Garrett huko, amempa mgongo, ananong'ona.

"Hapana, hajui kitu. Nitamwambia kesho. Akilia, basi atalia tu."

Ndoo ilimponyoka Maite mkononi.

"Nilie kwa nini, Garrett? Ni nani huyo?"

"Mpenzi, subiri kidogo..."

"Usiniite mpenzi! Kama una mwingine, niambie leo, nisipike chakula cha jioni bure."

"Siwezi kukuambia leo."

"Basi nenda zako!"

Garrett alivaa jaketi lake la kijani, akashusha mtumbwi, akaingia ukunguni. Ilikuwa saa nane mchana. Bado kiburi kilikuwa kimewabana wote wawili, na ni kiburi cha bei rahisi kabisa, cha watu wanaopendana.

Pale gatini kuna ubao wenye safu mbili za misumari. Anayeingia ziwani hutundika kibao chenye jina lake upande ulioandikwa MAJINI. Akirudi hukihamishia NCHI KAVU. Saa kumi kamili Bi Loretta, askari wa hifadhi, huutazama ubao. Jina likibaki majini, boti inatoka. Garrett alikumbuka kutundika kibao kila mara, na kila mara alisahau kukihamisha. Maite ndiye aliyemhamishia.

Karibu saa kumi, akiwa amekaa juu ya jiwe na macho mekundu, Maite alimwona akipanda kutoka gatini kwenda mitini. Shati lake jekundu lilikuwa linachuruzika maji.

"Garrett!"

Hakugeuka.

"Haya, nuna!" Lakini miguu ilimpeleka kwenye ubao, akakihamisha kibao chake kama siku zote. Bi Loretta alipita, akaona majina yote yako nchi kavu, akaondoka.

Maite alirudi hemani kupatana. Garrett hakuwepo. Pikapu ilikuwa imefungwa. Na kwenye kamba ya hema lilikuwa limening'inia shati jekundu la drafti, alilolianika Maite mwenyewe asubuhi. Alilishika. Lilikuwa kavu.

Alikimbia kama hajawahi kukimbia. Alikirudisha kibao upande wa majini, akafika ncha ya gati, akapiga simu.

"Bi Loretta, kibao cha Garrett nimekihamisha mimi! Bado yuko ziwani!"

"Ulimwona akirudi?"

"Niliona... niliona mtu."

Bi Loretta alishusha sauti.

"Sikiliza, mwanangu. Naleta boti. Wewe gonga chochote ulicho nacho. Ila usimwite jina lake. Umenisikia? Usimwite."

Maite alikimbilia kikaango hemani, akarudi gatini. Aligonga mpaka kiganja kikachubuka, akilia kimyakimya, midomo ameibana. Kosa lilikuwa lake. Asingekigusa kile kibao, boti ingekuwa imeshatoka. Ukungu haukujibu. Akagonga tena.

Kabla boti haijaunguruma, pua ya mtumbwi ilijitokeza, na Garrett ndani yake, uso mweupe.

"Kwa nini uliniita huku na huku?" alisema akipanda gatini, meno yanagongana. "Mara unalia, mara unacheka, kila mara mbali zaidi. Nilikuwa nakufuata wewe. Halafu nikasikia kikaango, nyuma yangu."

"Si mimi. Huko ziwani sijakuita hata mara moja."

Walitazamana. Maite akamweleza kuhusu kibao, hakuficha neno.

"Nisamehe. Nilidhani umerudi."

"Nisamehe na mimi. Ile simu nilikuwa naongea na baba yako. Nilitaka ruhusa yake kwanza." Vidole vilivyokufa ganzi vilitoa pete mfukoni. "Nilipanga iwe kesho, jua likitoka. Lakini sitaki kungoja tena. Maite, utaolewa na mimi?"

Maite hakuwa amefungua kinywa. Jibu lilitoka ziwani, taratibu, kwa sauti ya Maite mwenyewe.

"Ndiyo, mpenzi. Njoo."

Garrett aligeuza kichwa kidogo. Maite alimkamata kidevu akamrudisha, akainua kikaango, akakigonga kwa nguvu zote zilizobaki, na kwa mara ya kwanza tangu Bi Loretta amkataze akalitaja jina lake, usoni pake, karibu kabisa.

"Garrett Sorley, nitazame mimi! Ndiyo. Nimesema mimi."

Akachukua kibao, akamwekea mkononi, na safari hii Garrett akakihamishia NCHI KAVU mwenyewe.