Kikohozi Ndani ya Santuri

Shemeji yangu Venant alikuwa na santuri nyingi kuliko sufuria za mke wake. Dada yangu Consolée ndiye aliyekuwa akisema hivyo, huku akicheka, maana alishazoea. Nyumba yao iko Kalundu, kando ya ziwa, juu kidogo ya barabara ya bandarini. Jumapili baada ya misa ungesikia saksafoni kabla hujafika uani. Majirani mwanzoni walifurahi kuambiwa kwamba Venant anakusanya jazi, wakafikiri ni rumba. Walikuja na viti vyao, wakakuta wimbo mrefu usio na mwimbaji, wakarudi na viti vyao.

Venant hakujali. Albamu za zamani alizinunua Bujumbura, kwa watu wanaouza vitu vya nyumba za zamani. Za kisasa alitumiwa na binamu yake aliye Ubelgiji. Alizifuta kwa kitambaa laini, akazishika ukingoni tu. Alizozipenda zaidi ni zile zilizorekodiwa ukumbini, mbele ya watu. Alisema wasikilizaji ni nusu ya muziki. Alijua kila sauti yao: hapa glasi inaanguka, hapa mwanaume anacheka kabla ya ngoma. Consolée alikaa kando yake akichambua maharage, na binti yao Ornella alicheza miguuni pao.

Consolée alifariki wakati ziwa lilipopanda hadi milangoni mwa watu. Ulikuwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa akikohoa mara mbili, kwa ufupi, kisha anasafisha koo kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu hasemi. Tulimzika. Mimi sikulia, na watu waliniangalia. Nilipikia watu wa kilio, nikaosha sahani, nikapika tena. Ndani yangu hapakuwa na kitu.

Kwetu nyumba yenye msiba haipigi muziki mpaka matanga yaondolewe. Siku hiyo majivu ya moto wa kilio yanazolewa, nguo za marehemu zinagawanywa, naye anaitwa kwa jina lake na kuagwa. Kabla ya hapo bado yuko karibu. Kumpigia muziki ni kumwambia abaki. Hata mtoto anajua hilo, na Venant alijua.

Nilibaki kwao kumlea mtoto, na alasiri moja nilikuwa naanika nguo za Ornella. Venant akaniita kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Shemeji, kuya. Kuya usikie."

Santuri ilikuwa inazunguka. Sauti aliishusha sana, majirani wasisikie.

"Weye unapiga muziki, na matanga bado?"

"Sikia tu."

Piano ilicheza, ikatulia. Mtu akakohoa ukumbini, mara mbili. Akasafisha koo. Hakusema kitu. Piano ikaendelea.

Venant alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja. "Hii diski niko nayo tangu ujana," alisema. "Pale hapakuwaka muntu wa kukohoa. Njo yeye."

"Ni yeye," nilisema.

Ningependa kusema niliogopa. Sikuogopa. Nilirudi kwenye kamba ya nguo, nikamalizia kuanika.

Tangu hapo aliipiga kila alasiri. Mwanzo kikohozi kilikuwa mbali, nyuma ya ukumbi. Kisha kikasikika katikati. Kisha upande mwingine wa santuri.

"Anahama kiti," Venant aliniambia. "Sasa iko karibu na mikro, ile ya kurekodi."

Shangazi yake Élisabeth alikuja kutoka Makobola kupanga siku ya matanga. Venant alisema mvua ni nyingi, barabara imekatika, tungoje. Mvua ilipoisha alitafuta sababu nyingine. Mimi aliniambia ukweli.

"Bakitosha matanga, bakimuaga, ataenda. Minye nitabakia na nani?"

"Utabakia na Ornella."

Alichukua kitambaa, akaifuta santuri.

Na Ornella akaanza kukohoa. Mara mbili, kwa ufupi. Kisha koo. Tulimpeleka kwa muuguzi, akamsikiliza mgongo na kifua, akasema kifua ni safi. Mtoto akaendelea kukohoa na kifua chake safi. Akakonda. Chakula kikawa kinarudi jikoni jinsi kilivyotoka.

Shangazi Élisabeth alinivuta nyuma ya jiko.

"Louise, mwenye bado hawajamuaga anatafutaka mwenzake wa njia. Ambia shemeji yako. Huyu mutoto atatutoka."

Nilimwambia. Venant hakubisha. Aliniomba tu nisikilize mara moja zaidi, kisha niseme ninavyotaka. Ornella alikuwa ameketi kizingitini, mdomo umejaa ndizi mbivu.

Piano ikatulia. Consolée akakohoa, karibu sana, kana kwamba yuko nyuma ya kitambaa cha spika. Tukasubiri piano irudi. Haikurudi.

Kikohozi kingine. Kidogo. Chembamba. Kando ya kile cha kwanza.

Nilimgeukia Ornella. Alikuwa bado anatafuna. Mdomo umefungwa.

Kikaja tena. Kutoka kwenye spika.

Mtoto akaacha kutafuna. Akaitazama spika kwa muda, bila hofu.

"Ni minye," alisema.

Venant aliinua sindano. Ikakwaruza santuri.

"Tutoshe matanga," alinong'ona.

Ndugu walikuja, wa Makobola na wa Runingu. Padri alisoma misa. Nguo ziligawanywa. Shangazi Élisabeth alisimama akilitazama ziwa, akamwita dada yangu kwa jina lake, akamwambia aende salama, njia ni yake peke yake. Kisha akanyoosha mkono kwa Venant.

"Ile diski."

"Niisikie mara ya mwisho, Shangazi."

"Hapana."

Venant aliivunja mwenyewe, juu ya goti. Vipande viliingia kwenye majivu ya kilio, na majivu yote yakamwagwa ziwani, pale mahali penye kina. Nilitazama mpaka maji yakawa safi. Nilifikiri labda sasa nitalia. Nilienda kuosha sahani.

Tangu siku hiyo hatukusikia tena Ornella akikohoa. Asubuhi nyumba ilikuwa kimya, mchana kimya. Tulimshukuru Mungu, tena kwa sauti. Venant alianza kupiga albamu nyingine, na ndani yake walikohoa wasikilizaji wenyewe tu, wale wa siku zote. Akaanza tena kucheka kidogo. Mtoto alikuwa bado mwembamba, lakini tulisema nyama hurudi polepole.

Jumapili moja watoto waliimba kanisani. Ornella alikuwa mstari wa mbele, nami nilikaa karibu naye ukutani. Mwisho wa wimbo wakapiga makofi. Niliiona mikono yake ikikutana. Ilikutana vizuri, kiganja kwa kiganja. Nikadhani sauti ya makofi yake imemezwa na ya wengine. Wenzake wakaacha. Yeye akapiga mara moja zaidi, peke yake, akiitazama mikono.

Hapakusikika kitu.

Kisha mabega yake yakaruka. Mara mbili. Shingo ikajikaza. Mdomo ulikuwa wazi.

Hapakusikika kitu.

Padri akaendelea na misa. Hakuna aliyegeuka. Kwa nini wageuke? Niliziona mbavu zake chini ya gauni jeupe, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika dada yangu. Siku zote hizo tulisema amepona kwa sababu hatusikii. Nilimtafuta Venant kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaomba, uso wake umetulia. Sikwenda kumwambia. Ningemwambia nini? Santuri tulishaivunja na sauti za mtoto ndani yake, na vipande viko chini ya maji.

Watoto walipoketi Ornella alikuja kuniegemea. Kila baada ya muda mgongo wake ulinigonga kifuani.

"Mama mudogo," alinong'ona, sauti ikiwa karibu kwisha, "ninakohoa. Weye unasikia?"

"Ninasikia," nilimwambia.

Tangu siku hiyo ninalala naye, mkono wangu ukiwa mgongoni mwake, nijue kama bado anakohoa.