Koplo, Toa Ripoti

Baridi ya Mau Narok haimhurumii mtu. Inauma vidole, na viazi vinangoja shambani. Lakini Jerotich alikuwa ameizoea. Asubuhi hiyo alikuwa akichimbua viazi, na mumewe Weldon akivijaza kwenye magunia. Binti yao Jepkorir, mwenye miaka sita, aliokota vile vidogo vidogo huku akiimba wimbo aliojitungia mwenyewe.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa 2007. Pale barabarani lori la viazi lilikuwa likipanda mlima polepole. Mara tairi likapasuka. Paa!

Jerotich alishtuka, kisha akacheka. Alipogeuka, kicheko kilimkauka mdomoni. Weldon alikuwa amelala kifudifudi shambani, na Jepkorir yuko chini yake.

"Laleni chini!" Weldon alipiga kelele. "Msiinue kichwa!"

Mtoto alikuwa analia kwa maumivu, lakini baba hamsikii.

"Baba Jepkorir!" Jerotich alimvuta shati kwa nguvu zote. "Ni tairi! Ni tairi tu!"

Weldon aliinuka. Aliutazama mkono wa mtoto, ambao ulikuwa umeanza kuvimba. Alikwenda kukaa nyuma ya ghala, peke yake.

Jerotich alimkimbiza mtoto zahanati. Kwa bahati nzuri mkono ulikuwa umeteguka tu, haukuvunjika.

Weldon huyu alikuwa mwanajeshi kwa miaka mingi, mpaka akawa koplo. Alipelekwa Sierra Leone kulinda amani. Huko bomu lililipuka karibu na gari lao, na rafiki yake aliyeketi kando yake akafa. Weldon alirudi nyumbani na sikio la kushoto lisilosikia. Siku ya kuacha jeshi, daktari alimuuliza kama ana shida yoyote. Akasimama wima akajibu, "Sawa, afande!" Hivyo ndivyo alivyozoea. Mwanajeshi halalamiki, ati.

Kijijini watu walisema ana maringo. Ukimsalimu akiwa amekupa sikio la kushoto, anapita tu. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Jerotich hakujua la kuamini. Alichojua ni kwamba mumewe halali, na akilala anaamka akipigana na blanketi. Na kila akimuuliza, jibu ni lile lile: "Niko sawa."

Jioni hiyo Weldon alikuja jikoni akasimama mlangoni.

"Nimesikia wanatafuta watu wa kuchimba kule machimbo ya Kariandusi," alisema. "Viazi vikiisha shambani, naenda. Nitakuwa natuma pesa."

"Utarudi lini?"

"Sirudi. Nikikaa hapa, siku moja nitamuua huyu mtoto."

Jerotich aliweka mwiko chini. Mume hakuwa na mwanamke mwingine. Hakuwa mlevi. Alikuwa anawaacha kwa sababu anawapenda. Sasa mtu kama huyo unagombana naye vipi?

Kulipokucha alikwenda kwa jirani yake, Wachuka. Huyu mama alikuwa muuguzi wa jeshi mpaka alipostaafu, na cheo chake kilikuwa sajini. Siku hizi alifuga kuku, lakini sauti ya sajini haikustaafu. Akiita kuku wake, hata ng'ombe wa watu walisimama. Wote pale kijijini walimwita Sajini.

Jerotich alimweleza yote huku analia. Wachuka aliweka chini ndoo ya chakula cha kuku.

"Mama Jepkorir, panguza machozi unisikize," alisema. "Mume wako hajarogwa. Hana maringo. Ni mgonjwa. Mtu akiona vifo na mabomu, akili yake inaweza kupata jeraha, kama vile mguu unavyopata jeraha. Hali hiyo nimeiona kwa wanaume mashujaa kabisa. Na ina matibabu."

"Matibabu wapi, Sajini?"

"Hospitali kubwa ya Nakuru. Kuna madaktari wa afya ya akili. Hilo ni la kwanza, na halingoji kitu kingine. La pili, aliumia akiwa kazini. Anaweza kuomba malipo ya ulemavu kutoka jeshini."

"Ulemavu? Lakini miguu yake yote ni mizima."

"Haiya! Kwani sikio si kiungo? Na akili je?" Wachuka alisimama. "Anahitaji kitabu chake cha kuachia jeshi, ripoti za madaktari, na mtu aliyekuwa naye siku ile. Kisha atapimwa na bodi ya madaktari wa jeshi. Uamuzi ni wao, mimi sikuahidi. Lakini mtu akija kwako na kusema mpe kitu kidogo akusukumie faili, mfukuze. Kuomba ni bure. Sasa twende, nikamwone huyo koplo wangu."

Walimkuta Weldon akifunga magunia.

"Koplo!" Wachuka alinguruma.

Weldon alisimama wima papo hapo, uzi wa gunia bado mkononi.

"Hali yako?"

"Sawa, Sajini!"

"Muongo wewe!" Wachuka alimsogelea, upande wa sikio zima. "Hebu nikuulize. Ukiwa kwa lindo, umeona adui anakuja, unamwambia kamanda wako nini? Sawa, afande?"

"Hapana, Sajini. Natoa ripoti."

"Na ukimficha?"

Weldon aliuzungusha uzi kidoleni. "Kikosi kizima kitakufa."

"Basi." Sauti ya Wachuka ikawa ya upole, na hilo lilimshtua Weldon kuliko kelele zake. "Kikosi chako ni huyu mama na yule mtoto. Na wewe umewaficha adui miaka yote hii."

"Sajini, mimi si mwendawazimu."

"Nani amesema? Wewe ni majeruhi. Majeruhi anapelekwa hospitali."

Weldon aliangalia viazi vilivyobaki ardhini. "Nitaenda mara moja tu," alisema.

Jumatatu walishuka Nakuru, Weldon na mkewe. Waliitwa kwa Daktari Mansi, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Nakuru na kuongea Kiswahili cha hapo hapo Nakuru.

"Karibuni, kaeni," alisema. "Weldon, unaendeleaje?"

Weldon akasimama wima.

"Sawa, daktari!"

Jerotich alitaka kulia. Safari yote hiyo! Maneno yalimjaa mdomoni: usiku wa kupigana na blanketi, mkono wa Jepkorir, Kariandusi. Lakini Wachuka alikuwa amemwonya, "Usimjibie. Anayeumwa ndiye anayejua panapouma." Basi akavumilia.

Kisha akainuka, akalisogelea sikio la kulia la mumewe. Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa cheo chake.

"Koplo," alisema taratibu. "Toa ripoti."

Weldon alimgeukia. Mdomo wake ulitetemeka, na Jerotich hakujua kama anataka kucheka au kulia. Nafikiri vyote viwili. Kisha akaketi.

"Silali," alisema. "Nikisikia mlio, niko kule tena. Nasikia harufu ya moshi. Rafiki yangu ananiita na simfikii. Nilimuumiza mtoto wangu, daktari. Nilidhani namwokoa." Na machozi yakamtoka mbele ya wanawake wawili, bila kuyaficha.

Mimi nasema hivi: kwenda vitani kunahitaji ushujaa, sawa. Lakini ushujaa wa mwanamume huyo kwenye kiti kile, wee! Jerotich alimtazama akaona fahari ambayo hakuwahi kuiona hata siku alipomwona na sare.

"Asante kwa kuniambia," alisema Daktari Mansi. "Hii si laana, na si udhaifu. Akili yako bado iko kwa lindo, haijaambiwa vita viliisha. Tutakupa dawa za kukusaidia, na tutaongea kila ukija. Utajifunza kupumua na kujirudisha hapa ulipo. Haitakwisha kwa siku moja. Usiache dawa kwa sababu umejisikia nafuu."

Weldon alirudi mara ya pili, na ya tatu. Kuhusu Kariandusi hakusema tena. Alipimwa sikio pia, akapewa ripoti. Wachuka aliuliza huku na huku mpaka akampata Micah, dereva wa lile gari la Sierra Leone, na Micah akakubali kutoa ushahidi. Mwezi wa nane Weldon aliitwa Nairobi mbele ya bodi. Kila walichouliza alijibu wazi, na neno "sawa" hakulitamka hata mara moja. Miezi ikapita. Jerotich aliona kimya hicho kirefu, lakini Wachuka alimwambia asichoke kuuliza. Mwishowe jibu likaja: malipo yamekubaliwa, kwa sikio na kwa jeraha la akili.

Wachuka alichinja jogoo. Tena yule mkubwa.

Lakini siku ambayo Jerotich anaikumbuka zaidi si hiyo. Ni siku moja ya kampeni za uchaguzi, mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo, walipokuwa shambani wote watatu. Helikopta ya wanasiasa ilitokea nyuma ya mlima, chini chini, ikinguruma. Watoto wa kijiji wakatimua mbio kuifuata.

Jerotich akageuka haraka. Weldon alikuwa ameshika nguzo ya ua kwa mikono miwili. Jasho lilimtiririka. Alikuwa anavuta pumzi polepole na kuitoa polepole, kama alivyofundishwa, macho yake yakiangalia viazi, udongo, gumboti za mtoto wake.

Jerotich alikwenda upande wa sikio la kulia.

"Baba Jepkorir, uko sawa?"

"Hapana," alisema Weldon. "Siko sawa. Njoo ukae na mimi mpaka ipite."

Jerotich akakaa chini kando yake. Jepkorir akaacha kuitazama helikopta, akaja akaketi katikati yao, na kuuweka mkono wake uliopona ndani ya mkono wa babake.