Yaya wa Maisie

"Huyu siyo mama yangu. Ni yaya wetu."

Ndivyo alivyosema. Binti yangu wa miaka minane, niliyemzaa kwa operesheni, mshono ninao mpaka leo. Alisema hivyo mbele ya darasa zima la akina mama, huku ananitazama usoni.

Nikabaki mlangoni na keki mkononi...

Mwalimu Ostrander akanijia na lile tabasamu la kumfukuza mtu kistaarabu.

"Karibu dada. Samahani lakini, leo ni chai ya akina mama tu. Mayaya wanaweza kusubiri kule ukumbini, kuna viti."

"Sawa," nikasema.

Jamani. Nilisema SAWA.

Na nikaongeza, "Samahani kwa usumbufu."

Ngojeni kwanza, msinitukane. Nitawaeleza.

Kabla mlango haujafungwa nikaona kilichonimaliza kabisa. Kile kiti cha pembeni ya Maisie, chenye karatasi iliyoandikwa MAMA kwa rangi ya zambarau, kilikuwa na mtu.

Kendra.

Wifi yangu. Dada wa mume wangu, nywele zimepigwa pasi, kucha kama za harusi, na mtoto wangu anambandika ua kifuani.



Naitwa Gemma. Kwetu ni Stockport, Uingereza. Nilimfuata mume wangu Curtis huku Ohio nikijua Wamarekani ni ndugu zetu, lugha moja, mambo yatakuwa mteremko. Weee! Mwenzenu nilijidanganya.

Kwetu mtu akikupa kitu, unakataa kwanza. "Hapana, usijisumbue." Yeye anasisitiza. Unakataa tena, anasisitiza tena, ndipo unapokea na wote mnaridhika. Ohio ukisema hapana, sahani inaondoka. Nimetoka na njaa kwenye sherehe za watu mpaka nikazoea kula nyumbani kabisa kabla sijaenda.

Kwetu mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayeomba radhi. Akikosea jina lako, unaitika tu, utamfedhehesha bure mtoto wa watu. Daktari wangu wa meno ananiita Jenna. Mwaka wa sita huu. Naitika, na Krismasi nampelekea kadi nimesaini Jenna.

Chekeni tu. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Wiki ile Curtis aliniuliza tukiwa jikoni.

"Gem, Siku ya Mama unataka tufanye nini?"

"Aa, msihangaike na mimi."

"Poa," akasema, akafungua friji.

Poa! Nilikuwa nimeshaandaa la kujibu akisisitiza. Mpaka leo hajasisitiza.

Mwaliko wa ile chai Maisie hakunipa. Tangazo niliona mwenyewe mlangoni pa shule: Ijumaa, saa nane mchana. Nikajua kasahau, watoto si ndivyo walivyo? Nikaoka keki ya kwetu yenye jamu katikati, nikavaa gauni langu la bluu, nikaenda kumfanyia mwanangu sapraizi.

Sapraizi nikafanyiwa mimi.

Ukumbini nikamkuta yaya mmoja, yaya wa kweli, anaitwa Marisol. Akanisogezea kiti.

"Wewe unamlea nani?"

"Maisie."

"Yule mwenye mapengo? Mzuri yule. Anakupenda?"



"Sijui, dada."

"Usijali," akanipigapiga mkono. "Wakiwa na mama zao wanatusahau. Ndivyo kazi yetu ilivyo."

Keki tuliila sisi wawili, kwa kutumia mikono. Nikasikia makofi mle darasani, nikasikia watoto wanaimba wimbo wa mama. Sauti ya Maisie naijua hata kwenye watu mia. Nilimeza keki na machozi pamoja, na Marisol akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba ili asinione.

Basi chai ikaisha. Kendra nikamvizia kwenye maegesho ya magari. Nyie, siku hiyo nilikuwa nimejaa mpaka shingoni.

"Wifi, umekaa kwenye kiti changu."

"Gem, tulia. Mtoto ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa analia."

"Na wewe ukaona uninyamazie?"

"Nilimwambia Curtis. Akasema wewe mambo haya huyapendi, umeshawaambia wasihangaike."

"Kendra, mimi ni mama yake!"

"Mimi najua, wifi." Akashusha sauti. "Ila humu shuleni hakuna anayejua. Na siyo mimi niliyewaambia."

Akalibandua lile ua, akaninyooshea.

"Chukua, ni lako."

Hapo jamani, naapa, ulimi ulijiendea wenyewe...

"Aa hapana, kaa nalo tu, limekupendeza."

Akaniangalia kidogo. Akalirudisha kifuani kwake.

Nikaingia kwenye gari, nikaliwasha. Maisie alikuwa kiti cha nyuma, anachungulia dirishani kana kwamba mimi ni dereva wa teksi.

"Maisie. Unanionea aibu?"

Akachora duara kwenye kioo kwa kidole.

"Ni kwa sababu ya ninavyoongea?"

Maana hilo nalijua. Mimi nikifungua mdomo inatoka Stockport, yeye akifungua wake inatoka Ohio. Nilijua siku moja litaniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata la kumwambia nilikuwa nalo.

"Siyo mimi niliyeanza," akasema.

"Ameanza nani? Shangazi yako?"

"Wewe."

Nikazima gari.

"Siku ya kwanza kwenye shule hii mpya," akasema. "Mama yake Brynlee wa darasani kwetu alikuuliza, 'Wewe ndiye yaya wake?' Wewe ukacheka. Ukamwambia, 'Umejuaje?'"

Mungu wangu.

Nikaikumbuka. Yule mama anaitwa Shelby. Alikuwa na furaha kweli siku ile, wazazi wamejaa getini, nikaona nikimsahihisha mbele ya watu ataaibika. Nikatania. Nikasema moyoni nitamweleza kesho. Kesho yake akanisifia kwa wenzake kwamba yaya wa Kiingereza hana mfano, nikashukuru. Keshokutwa ikawa aibu zaidi kusema. Wiki ikapita, ikaja theluji, ikaja Pasaka... mimi naitika tu kama Jenna.

Kwangu kilikuwa kichekesho. Sikuwahi hata kumhadithia Curtis.

"Ulikuwa umenishika mkono," Maisie akasema. Sauti haikuwa ya kulia, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilikuwa nangoja useme siyo. Ukaniachia mkono ili umsalimie yeye."

Akaendelea, bado anachungulia dirishani.

"Brynlee akaniuliza, mama yako halisi yuko wapi? Nikasema yuko kazini. Kila siku nikawa nasema yuko kazini. Halafu ikaja chai, wote wakataka kumwona."

Ndipo akampigia Kendra.

Nyie, mwanangu alibeba uongo wangu mwaka mzima wa shule peke yake. Na mimi kila jioni namuuliza, "Shule ilikuwaje?" Ananijibu, "Nzuri." Kumbe na yeye alishajifunza kwangu kutosumbua watu.

Jumapili ikawa ndiyo Siku ya Mama yenyewe. Curtis alilala mpaka saa nne. Hakuna aliyehangaika na mimi, kama nilivyoagiza. Nilioga, nikafua, nikalia kwenye taulo.

Jumatatu tukafika shuleni. Maisie hakufungua mlango wa gari.

"Leo wewe ni nani?" akaniuliza.

Swali hilo siwaombei hata adui zenu waulizwe na mtoto wao.

"Ni mama yako. Nakwenda kuwaambia."

"Basi mimi ndiye wataniita mwongo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilifikiria aibu yangu tu, kama kawaida.

Shelby alikuwa getini na Brynlee. Nikamfuata.

"Shelby, mimi siyo yaya. Ni mama yake Maisie. Tangu mwanzo."

Uso ukamwiva.

"Lakini... mwaka mzima? Mbona hukusema?"

Nimweleze nini? Kwamba nilikuwa namstahi?

Brynlee akamgeukia Maisie. "Kwa hiyo ulikuwa unanidanganya?"

Maisie akaniangalia. Macho yaleyale ya siku ile ya kwanza, nikayatambua. Alikuwa anangoja.

"Hapana," nikasema, na nikasema kwa nguvu wazazi wote wakageuka. "Aliyedanganya ni mimi. Mimi ndiye niliyemkana mbele ya watu, na yeye akanifichia."

Shelby akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Watu wakajifanya wanaangalia simu. Nikainama nimkumbatie binti yangu, akasimama wima tu kama nguzo, akangoja nimalize. Kisha akaenda.

Mlangoni Mwalimu Ostrander, ambaye hakuwa amesikia lolote, akamuuliza kwa furaha zake:

"Habari ya asubuhi, Maisie. Leo umeletwa na nani?"



"Na Gemma," akasema, akaingia ndani.

Haya, nimewaletea yote kama yalivyo, matusi yenu nitayasoma. Ila wewe mama unayesoma hapa, mtu akikosea kuhusu mwanao, msahihishe palepale, aaibike yeye, uaibike wewe, iishe. Mkono wa mtoto usiuachie ili uonekane mstaarabu. Mgeni uliyemstahi, ikifika jioni hakukumbuki, mtoto anakumbuka.

Mimi bado nampeleka kila asubuhi. Juzi Curtis aliniuliza kama nataka yeye awe anampeleka, nipumzike.

Nikamwambia nataka kumpeleka mwenyewe.

"Poa," akasema.

Nasimama getini mpaka kengele ilie, nikisubiri aniite. Bado ananiita Gemma.