Sanduku Lisilo na Ufa

Baba yangu alikuwa fundi wa kufungasha glasi. Hata leo nikifumba macho, naisikia harufu ya mbao mpya na majani makavu ya karakana yake. Kila glasi aliizungushia karatasi, akailaza kwenye majani, kisha akapigilia kifuniko. Mimi nilimpa misumari.

"Taratibu, bibi harusi," alinitania. "Misumari haiolewi."

Siku zile zilikuwa tamu, nami sikujua.

Asubuhi moja alipanda ngazi akiwa na sanduku mkononi. Ngazi ikateleza. Akaanguka pamoja na sanduku lake, kichwa kikagonga sakafu ya saruji. Alizimia kidogo, kisha akainuka akijipapasa.

"Hakuna hata tone la damu," alimwambia mama. "Mimi mzima, mama watoto."

Mchana kichwa kilianza kumuuma, na maumivu yakazidi. Akatapika. Akajilaza palepale karakanani, akaniita kwa jina la shangazi. Nilicheka. Kicheko kile bado kinanichoma.

"Mwache alale," alisema mama. "Amechoka tu."

Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuja kuazima nyundo. Tulimwita Mama Mizani, kwa kuwa aliwapima uzito kliniki watoto wote wa mtaa. Alimtazama baba, akasahau nyundo.

"Shemeji, amka. Nibane vidole."

Mkono wa kulia ulibana. Wa kushoto ulilegea.

"Huyu anakwenda hospitali sasa hivi!"

"Shemeji, usinitie hofu," baba alinung'unika. "Fuvu langu halina ufa."

Mama Mizani aliliinua lile sanduku lililoanguka.

"Na hili lina ufa?"

"Halina."

"Basi utampelekea mteja?"

"Bila kulitikisa? Thubutu!"

Mama Mizani akalitikisa. Vipande vya glasi vikalia ndani.

"Fuvu ndilo sanduku lako," alisema. "Chini yake kuna tando tatu. Utando wa nje ni mgumu. Wa kati ni mwembamba. Wa ndani ni laini, umeushika ubongo wenyewe. Kati ya hizo mbili za ndani kuna maji, yanaukinga ubongo usigongwegongwe."

"Mungu kaufungasha vizuri," alisema mama.

"Vizuri sana. Hata mishipa midogo ya damu mle ndani ina kuta zilizobana. Haziruhusu kila kilichomo kwenye damu kiingie ubongoni. Lakini mshipa ukipasuka chini ya fuvu, damu haina pa kutokea. Inaukandamiza ubongo. Kuna sehemu inayoongoza mkono, na nyingine maneno. Ubongo mdogo, huku kisogoni, unatuzuia tusiyumbe. Chini kabisa kuna shina la ubongo, linaloendesha pumzi. Likibanwa hilo, mtu haamki tena."

Mama alikuwa ameshavaa viatu. "Nimpe maji kwanza?"

"Asinywe wala asile chochote. Na mkumbuke. Mtu akigonga kichwa, kisha kichwa kikazidi kuuma, akatapika, akasinzia ovyo, akachanganyikiwa au akalegea mkono, msisubiri. Hata dalili moja inatosha."

"Lakini damu sijaiona," baba alisema, sauti ikififia.

"Na kichwa hatuwezi kukitikisa, shemeji. Hospitali wana mashine ya kutazama ndani."

Fundi magari wa jirani alitupeleka. Mashine ilionyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na utando mgumu. Wakampasua, wakaitoa. Daktari alisema tumewahi. Mama alilia mpaka kanga ikalowa.

Baba alirudi na kipara na kovu, akakaa nasi miaka kumi na tisa zaidi. Alinioza. Aliwabeba wanangu, naye akawatania kama alivyonitania mimi. Lile sanduku hakulifungua. Akisikia mtu ameanguka, halafu anajigamba kwamba hakutoka damu, alilibeba hadi kwake na kumtikisia.

Sasa baba hayupo. Nimemkumbuka sana wiki hii. Juzi mume wangu alianguka na pikipiki, kichwa kikapiga lami. Jioni akatapika.

"Hakuna hata tone la damu," aliniambia, akijifunika shuka.

Sikubishana naye. Nilipanda kiti, nikalishusha sanduku la baba kutoka juu ya kabati, nikalitikisa mara moja.

Mume wangu aliisikiliza ile sauti. Kisha akatupa shuka, akaniomba nimsaidie kuvaa viatu.